Daraja Lililokwisha Kushukuriwa

Nchi nitakayoisimulia haina jina, na wenyewe hawajaona haja ya kulitafuta, kwa kuwa kila anayeizungumzia hushusha sauti na kusema tu "huku kwetu". Ina bendera, ina wimbo, ina Mlezi Mkuu ambaye picha yake hutundikwa hata kwenye vibanda vya mahindi ya kuchoma, na ina Seneti. Seneti ndiyo inayotuhusu. Ni jengo zuri mno, lenye mazulia mazito na viti vinavyozunguka, na wanaoketi humo ni waungwana ambao sina neno baya juu yao, maana sheria inakataza.

Katika waungwana hao alikuwamo Seneta Anakleti Likombe wa wilaya ya Mkwiso, na alikuwa amechoka. Simaanishi uchovu wa kulima. Alikuwa na uchovu wa kuketi, ule unaoanzia kiunoni na kupanda taratibu mpaka mashavuni, na mashavu ndiyo yaliyomuuma zaidi, kwa sababu ya kutabasamu. Alikuwa amekaa Senetini vipindi vingi, kiasi kwamba mafundi waliotandika mazulia wakati anaapishwa walikuwa wamekwisha kustaafu, na mazulia yenyewe yamebadilishwa na kuchakaa tena. Siku hizi akiitwa kuhutubia alikuwa anashika meza kwanza, halafu ndipo anasimama.

Ili uelewe kilichomchosha, lazima nieleze desturi ya pale. Seneta akipewa nafasi ya kuchangia hoja hupewa dakika kumi, kisha kengele inalia na kipaza sauti kinazimwa. Ndani ya dakika hizo anatakiwa amshukuru kwanza Mungu kwa kumwamsha salama. Kisha amshukuru Mlezi Mkuu kwa kuiruhusu siku ianze. Anafuata mke wa Mlezi Mkuu, halafu Spika, Naibu Spika, mawaziri kwa mpangilio wa wizara, wapiga kura, mwenzi wake wa ndoa, na watoto kwa majina. Baada ya hapo anatangaza kwamba anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, hata kama hoja haijasomwa, maana kungoja isomwe ni kama kumshuku mwenye hoja. Zikibaki sekunde, ndipo anaruhusiwa kutaja shida ya kwao. Seneta mmoja wa kaskazini, mtu mwenye ulimi mwepesi ajabu, aliwahi kufika mpaka kwenye neno "maji" kabla kengele haijalia, na kwao walimchinjia ng'ombe.

Likombe aliingia Senetini akiwa na jambo moja tu. Mto Lumbwi unaikata wilaya ya Mkwiso vipande viwili. Upande mmoja kuna barabara, soko na hospitali. Upande wa pili, unaoitwa Ng'ambo, kuna watu wengi zaidi na hakuna kitu. Kiangazi watu wa Ng'ambo huvuka kwa miguu, maji yakiwafika magotini. Masika mto unajaa, na watu hukaa kwao kusubiri, mwenye homa na asiye na homa. Likombe mwenyewe alizaliwa Ng'ambo. Dada yake mkubwa, Pelagia, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na alikuwa bado anaishi huko. Siku ya kampeni Pelagia alisimama mbele ya watu wote akamwambia, "Mdogo wangu, sisi tukupe kura, wewe utupe daraja. Mengine tutajitafutia wenyewe."

Likombe aliapa. Wakati ule alikuwa kijana, mashavu yake hayana tatizo lolote, na alikuwa akimaanisha kila neno.

Basi ikafika hotuba yake ya kwanza. Alikuwa amesikia kwenye korido kwamba Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Bakota Msenga, ameliweka daraja la Lumbwi kwenye mipango ya mwaka ule. Akaona ni busara kumlainisha, kama vile mtu anavyomsifu mpishi kabla chakula hakijapakuliwa. Alipofika kwenye shukrani za mawaziri akasema, kwa sauti iliyojaa heshima, "Kipekee kabisa namshukuru Waziri wa Ujenzi kwa daraja letu la mto Lumbwi." Meza zikagongwa. Waziri Msenga akainuka nusu, akainama, akaketi. Kengele ikalia.

Jioni ile ile daraja likahesabiwa kuwa limekamilika.

Usishangae. Nchi ile ilikuwa na wakaguzi wa miradi zamani, wakaachishwa kazi ili kuokoa mafuta ya magari yao. Tangu hapo mradi hujulikana umekwisha pale mnufaika anapoushukuru, na mpaka leo sijasikia njia nyingine iliyo rahisi kama hiyo. Kesho yake Likombe alikwenda ofisini kwa Waziri, akakaribishwa chai.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, "lile daraja bado halijajengwa."

"Lakini umeshukuru."

"Nilishukuru kwa imani."

"Nasi tukapokea kwa imani," alisema Msenga, akimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, maana hakuwa mtu wa makuu. "Ndugu yangu, hakuna mwenye akili timamu anayeshukuru kitu asichopewa. Sasa unataka tulijenge mara ya pili? Huo si ufujaji?"

"Watu wanavuka kwa miguu, mheshimiwa."

"Basi omba ukarabati. Ukarabati unaombwa."

Likombe akaomba ukarabati. Ukatolewa, akaushukuru. Mwaka uliofuata daraja likapakwa rangi, akashukuru. Likawekwa taa, akashukuru. Likapanuliwa magari yapishane, na Waziri akasifiwa kwa kuona mbali. Kwenye kalenda ya taifa msanii wa wizara alilichora daraja la Lumbwi likiwa na watoto wa shule wanapunga mikono, nalo likakaa mwezi wa Aprili, ambao ndio mwezi Lumbwi unajaa zaidi. Daraja lilizidi kupendeza mwaka hadi mwaka, na watu wa Ng'ambo wakaendelea kukunja nguo zao.

Msomaji atauliza kwa nini hakufuta shukrani ile ya kwanza, mambo yakaisha. Kanuni za Seneti zinaruhusu kufuta shukrani, ila zimeliweka jambo hilo kati ya uhaini na kuchoma misitu, na hakuna aliyewahi kulijaribu. Kila masika Likombe alijiambia kwamba kipindi kijacho atasema. Kipindi kijacho kilipofika, alikuta amepewa cheo. Kwanza akawa mjumbe wa Kamati ya Shukrani, baadaye makamu mwenyekiti, mwisho mwenyekiti. Alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake. Aliweza kuzimaliza wizara zote kwa pumzi moja bila kuwaudhi mawaziri waliohamishwa asubuhi hiyo. Wageni waliletwa kumsikiliza. "Mheshimiwa Spika," alikuwa akisema, "nikianza kushukuru sijui pa kuanzia, na nikianza sijui pa kuishia, ila nashukuru kwamba kengele inajua." Watu walicheka, meza zikagongwa, naye akarudi kitini akijisugua mashavu.

Hivi ndivyo mtu anavyozeeka Senetini. Hakuna siku moja unayoweza kuionyesha kwa kidole ukasema hapa ndipo alipoharibika.

Halafu ikaja masika ambayo sitaki kuikalia sana. Mtoto wa mwisho wa Pelagia, Edina, alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati mto umejaa. Wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakambeba mpaka ukingoni. Upande wa pili wa mto gari la wagonjwa lilikuwa limefika, wanaliona kabisa, na dereva amesimama nje anawapungia mkono. Walikaa pale wakitazamana naye. Maji yalipopungua, Edina na mtoto wake walikuwa wamekwisha kuzikwa. Redio ya taifa ilitoa rambirambi za serikali, ikasema imesikitishwa sana kwamba marehemu hakutumia daraja.

Likombe naye alichelewa msiba, kwa kuwa ilimbidi angoje mto. Alifika suruali imelowa mpaka mapajani, viatu mkononi, akamkuta dada yake ameketi kwenye mkeka nje ya mlango.

"Pole, dada."

Pelagia hakunyanyua macho. "Umelowa," alisema.

"Ni mto."

"Redio inasema tuna taa kule. Za rangi." Alivuta uzi uliotoka kwenye mkeka. "Anakleti, kila mwaka nakusikia unatushukuria. Mimi sikukutuma ushukuru. Nilikutuma ukaseme."

"Dada, yale mambo yana utaratibu wake."

"Edina naye alikuwa na utaratibu wake. Alikuwa anasubiri." Ndipo akamtazama. "Siku utakayosimama mbele ya wenzako ukasema hakuna kitu pale, siku hiyo utaingia humu ndani. Leo kaa hapa nje na wageni."

Akakaa nje na wageni. Walimletea uji kwenye kikombe cha bati, akaushika mpaka ukapoa. Alisikia aibu, tena aibu ile ya utotoni, ya kufukuzwa ndani na mtu aliyekuwa akimwosha miguu. Aliporudi mjini watu wa Kamati walimpa pole, wakamwomba awashukuru.

Siku aliyosema, hoja mezani ilikuwa ya kuipongeza Seneti kwa kumaliza mkutano wa pongezi. Spika, mama mmoja mwenye sauti nzuri ya kuimbia kwaya, alimwita. Likombe akashika meza, akasimama. Ukumbi mzima ukajilegeza, kama watu wanavyojilegeza wanapojua dakika kumi zijazo hazitawadai kitu. Wengine wakavua viatu chini ya meza. Mawaziri wakatega sikio moja, kila mmoja akingoja jina lake.

"Mheshimiwa Spika," akasema Likombe, "kwenye mto Lumbwi hakuna daraja."

Fundi mitambo akadhani ni hitilafu, akagusagusa nyaya.

"Mheshimiwa Likombe," Spika alisema kwa upole, "nadhani umemruka Mungu."

"Mungu naye anajua halipo, Mheshimiwa Spika."

Waziri Msenga, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa hajahamishwa kwa sababu wizara yake ilikuwa inashukuriwa vizuri, alikuwa tayari amesimama. "Taarifa, Mheshimiwa Spika. Napenda kumpa taarifa mzungumzaji kwamba daraja hilo amelishukuru mwenyewe, kwa kinywa chake, mwaka hadi mwaka. Hata taa ameshukuru."

"Mheshimiwa Likombe, unaipokea taarifa?"

"Taarifa ni ya kweli. Nilishukuru kitu ambacho hakikuwapo. Nilifanya hivyo mara ya kwanza kwa ujinga, na mara nyingine zote kwa woga. Mtoto wa dada yangu amefia ukingoni, anaitazama hospitali. Shukrani zangu zote za daraja la Lumbwi nazifuta. Sina jingine."

Akaketi. Na hapo likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Seneti ianzishwe, kwamba mtu amemaliza na muda umebaki. Karani alifungua kitabu cha kanuni, akakifunga, akakifungua tena. Hakuna kanuni inayosema muda uliobaki uende wapi. Spika akaamua kwamba dakika ni za Mheshimiwa Likombe na zitumike kama alivyopewa, kwa hiyo waungwana wote wakakaa kimya, wakitazamana, wakisikiliza viyoyozi, mpaka kengele ilipolia. Likombe alikuwa ameegemeza kichwa nyuma. Mashavu yake yalikuwa yamelegea kabisa, na uso wake, waliosimulia baadaye wanasema, ulikuwa wa mtu mzee kuliko walivyodhani.

Wanasheria wa serikali hawakulala, nao wanastahili sifa. Walisema hivi: kama daraja lilipatikana kwa kushukuriwa, basi aliyefuta shukrani ndiye aliyelibomoa. Likombe akakamatwa kwa kosa la kubomoa miundombinu ya taifa kwa kinywa. Redio ikatangaza kwamba daraja la Lumbwi limebomolewa na mtu mmoja. Mlezi Mkuu akatuma salamu za pole. Waziri Msenga alilia mbele ya waandishi wa habari, akasema hata rangi ilikuwa haijakauka vizuri.

Kesi ilipelekwa kwa hakimu mmoja mnyoofu sana, ambaye alikuwa amesoma sheria mpaka akawa hafai kwa shughuli nyingine. Yeye alisema hawezi kuhukumu jengo lililobomolewa bila kuyaona magofu. Basi msafara ukaenda Mkwiso: hakimu, mwendesha mashtaka, Waziri Msenga, mshtakiwa na pingu zake, pamoja na magari ya kubeba viti. Ilikuwa masika. Walisimama ukingoni, maji mekundu yakipita kwa kishindo na kubeba migomba mizima.

"Magofu yako wapi?" aliuliza hakimu.

Waziri Msenga aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Yapo upande wa pili, mheshimiwa hakimu. Hata mashahidi wetu wapo upande wa pili."

"Na watu wa hapa huwa wanavukaje?"

Alijibu Likombe. "Hawavuki, mheshimiwa."

Hakimu alikunja joho lake lisilowe, akafikiri. Akatamka kwamba kesi inaahirishwa, na haitasikilizwa tena mpaka mahakama iweze kufika upande wa pili ikiwa kavu. Waziri Msenga aligeuka rangi. Sikukuu ya Mlezi Mkuu ilikuwa inakaribia, naye alikuwa ameahidi kumpelekea hukumu ile kama zawadi.

Ndipo, kwa amri yake, wakaja mafundi. Safari hii walikuwa mafundi kweli, wenye kofia ngumu, winchi na malori ya kokoto, wakifanya kazi kwa zamu. Maji yalipopungua walimwaga zege la nguzo, jua lilipokausha wakatandaza vyuma, na watu wa Ng'ambo wakawa wanatoka kila siku kuangalia, mikono nyuma, bila kusema kitu, wakiogopa kulitisha daraja. Kwenye hati za wizara liliitwa "njia ya muda ya mahakama", lisije likachanganywa na daraja. Lilikuwa na kingo pande zote mbili. Taa halikuwa nazo.

Masika nyingine ilipoanza, mahakama ikavuka. Upande wa pili walizunguka nyasini asubuhi nzima, wakapata mbuzi na kisima cha zamani. Wakili wa Likombe akasimama, akasema kwa kuwa hakuna magofu, hakuna kilichobomolewa. Hakimu akakubali. Kwa kosa la kubomoa daraja, alisema, mshtakiwa hana hatia. Likombe akavuta pumzi, na kwa muda mfupi akawaza mlango wa nyumba ya dada yake, ambayo paa lake lilionekana kutoka pale.

"Mheshimiwa hakimu," alisema mwendesha mashtaka, "naomba kuuliza. Wewe mwenyewe umefikaje hapa?"

"Nimevuka."

"Umevukia wapi?"

Hakimu aligeuka, akatazama nyuma yake. "Darajani," alisema.

"Mshtakiwa aliiambia Seneti kwamba kwenye mto Lumbwi hakuna daraja."

Hakimu alisimama pale muda mrefu, upepo ukimpeperusha joho. Nina hakika alitafuta njia. Lakini alikuwa mtu wa ushahidi, na ushahidi alikuwa ameukanyaga kwa miguu yake. Akamtia Likombe hatiani kwa kuidanganya Seneti. Halafu akamuuliza kama ana la kusema, maana huko kwao mfungwa huishukuru mahakama kabla ya kuondoka.

"Naomba nikae," alisema Likombe.

Wakampa kimojawapo cha vile viti, akakaa kidogo, kisha wakampeleka.

Gereza la Mkwiso lipo upande wa barabara, nyuma ya hospitali. Alimaliza miezi ya mwanzo akilala. Siku moja, mvua ikinyesha kwa wingi, askari alimwita chumba cha wageni, akamkuta Pelagia ameketi kwenye benchi na kikapu mapajani. Likombe akatazama miguu yake kabla ya kumtazama usoni. Amevaa viatu, na pindo la kanga yake ni kavu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Mto umejaa?"

"Umefika kwenye mikorosho ya kina Mtepa."

"Na wewe umekuja."

"Nimetembea," alisema Pelagia, kama mtu anayesema amekunywa maji. Alianza kufungua kikapu, akatoa hotipoti na kijiko. "Mke wa Mtepa alishikwa uchungu juzi. Wamemtembeza mpaka hospitali, anagombana nao njia nzima. Mtoto wa kike. Bado wanabishana jina."

Machozi yalikuwa yamemjaa Likombe machoni, naye hakuyafuta.

"Umechelewa, Anakleti," alisema dada yake. Sauti yake haikuwa na hasira, ila haikumsaidia pia. "Mwanangu ningemvusha mgongoni kama kungekuwa na pa kukanyaga. Nisikudanganye, sikuja kukushukuru."

"Najua, dada."

"Nimekuja kukuangalia. Ukitoka, njoo nyumbani. Uingie ndani."

Akamsogezea hotipoti. Ndani kulikuwa na wali wa nazi na dagaa, chakula alichokuwa akimpikia enzi za utoto wake akitoka shule. Likombe akafungua kinywa amwambie asante. Neno alilokuwa amelitamka maisha yake yote, kwa waziri na kwa mke wa waziri, kwa taa na kwa rangi, likakataa kutoka. Pelagia hakuonekana kulingoja. Alimpa kijiko, akamwambia ale kabla chakula hakijapoa.